Mkutano wa tatu umevunjika, na kahawa inaiva

Swali

Jambo Mama. Mimi ni katibu wa muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa. Tuko vyama 11, vya Idjwi, Kalehe na Kabare, na ofisi iko hapa Bukavu. Tangu Septemba tumeitisha asamble, yaani mkutano mkuu wa wanachama, mara tatu, na mara zote tatu imevunjika kabla ya kugusa ajenda. Kwanza walisema mwaliko ulikuja kwa WhatsApp siku 9 kabla, wakati katiba inataka barua na siku 15. Kisha wakakataa PV (kumbukumbu za kikao) ya asamble iliyopita kwa kuwa katibu aliyenitangulia hakuitia sahihi. Tena kuna vyama vinne ambavyo havijalipa mchango wa mwaka, na wengine wanasema visipige kura. Mwisho ni prezida: muhula wake uliisha mwaka jana na bado anaongoza. Wakati huohuo mnunuzi wetu wa Ulaya anadai vipimo vya mashamba, meza za kuchambulia zimevunjika, na msimu unaanza Machi. Nifanye nini ili watu waache mambo ya utaratibu, tuzungumze kahawa?

Jibu

Ndugu Katibu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha ni maneno yako ya mwisho, kwamba watu waache mambo ya utaratibu. Usiwaambie hivyo. Ukisimama mbele yao ukauita utaratibu upotezaji wa muda, yule anayelalamikia muhula wa prezida atakuhesabu kuwa mtu wa prezida, na mkutano wa nne utavunjika mapema kuliko wa tatu. Tena atakuwa na haki. Kati ya magomvi manne uliyoniandikia, mawili ni mazito kweli na mawili yanapona kwa wiki mbili. Yamefungwa gunia moja, ndiyo maana hamwezi kulibeba.

Kuyatenganisha, mimi hutumia swali moja tu: jambo hili likiamuliwa hivi au vile, nani anapoteza nini? Liulize kwa kila ugomvi, na uliulize nje ya ukumbi, nyumbani kwa mtu, mkiwa mmekaa.

Tuanze na mwaliko. Mtu wa Kabare hapotezi kitu kwa kupewa siku 9. Anapanda gari asubuhi na saa nne yuko ukumbini. Mtu wa Idjwi anapoteza. Simu haishiki kila mahali kisiwani, boti ina siku zake, na zile siku 6 zilizopungua ndizo ambazo angekaa na wakulima wake awaulize, "Twende tukaseme nini?" Kwa hiyo lalamiko lina mzizi. Lakini dawa yake imo ndani ya katiba yenyewe: itisha upya, kwa barua, siku 15. Mmegombana miezi na miezi juu ya kidonda kinachopona kwa siku 15. Kuna jambo nimelishuhudia katika vyama vingi, nalo limenisaidia kuliko semina yoyote niliyohudhuria: mtu anayelia kuwa mwaliko ulikuwa mbaya, ukimletea mwaliko mzuri naye akatafuta kasoro nyingine, ujue halii kwa sababu ya mwaliko.

Nikusimulie nilikojifunzia hilo. Nilikuwa bado kijana, mtunza vitabu wa ushirika mmoja wa kahawa kando ya ziwa. Asamble iliitwa siku ya Alhamisi, katikati ya msimu. Prezida alikuwa mgonjwa, na kuanzia asubuhi hadi jua linazama watu walibishana kama makamu wake anaweza kukalia kiti au hawezi. Pande zote mbili zilikuwa na katiba mkononi, kila upande na kifungu chake. Mpimaji wa mizani alikuwa mwanachama, kijana wa mashine ya kumenya alikuwa mwanachama, wote wamo ukumbini wanapiga makofi. Nje, akina mama walikuwa wanashusha serizi, matunda mabivu ya kahawa, kutoka vichwani, gunia baada ya gunia. Wewe unajua serizi: inamenywa siku ileile iliyochumwa, la sivyo inaanza kuchacha. Ile ililala kwenye magunia. Asubuhi kituo kizima kilinuka kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kahawa ya siku ile iliuzwa kama ya daraja la chini, na walioilipia hasara ni akina mama ambao hawakuwa hata ndani ya ukumbi.

Ugomvi wa kiti haukuisha hadi msimu ulipokwisha. Miezi ikapita. Nikiwa kwenye matanga, mzee mmoja aliyekuwa akisema sana siku ile akaja kukaa kando yangu, akaniambia, "Binti, sisi hatukuwa tunagombea kiti. Tulitaka kujua primu ilikwenda wapi."

Primu ni ile pesa ya biashara ya haki, senti 20 za dola kwa kila ratili ya kahawa inayouzwa kwa njia hiyo, na kanuni yake inataka wanachama wenyewe waamue kwa kura itumike wapi. Kulikuwa na minong'ono kwamba imeliwa. Kwetu sisi, kuuliza "pesa iko wapi" ni kumwita mtu mwizi mbele ya watu, na mtu huyo ni shemeji yako, au alisimamia ubatizo wa mtoto wako. Kuuliza "kifungu kinasema nini" hakumwiti mtu mwizi. Basi watu wanauliza kifungu. Wanakiuliza kwa ukali wote ambao wangeutumia kuuliza pesa, na wewe uliyekaa mezani na kalamu unashangaa kwa nini watu wazima wanapandishana presha kwa sababu ya kiti.

Nilirudi kwenye vitabu nikatafuta primu ile. Ilikuwepo, karibu yote. Ilikuwa imelipia mashine iliyoharibika, bila kura, bila karatasi hata moja iliyobandikwa ukutani. Hakuna aliyeiba, na bado chama kilikaribia kufa.

Sasa nakuuliza wewe, Ndugu Katibu: kese yenu, yaani pesa za chama, iko wapi? Katika barua yako yote hukutaja pesa hata mara moja, na kimya hicho kimenitia wasiwasi kuliko magomvi yote manne. Mabenki ya Bukavu yalipofunga milango kwa sababu ya vita Februari 2025, pesa za vyama vingi ziliingia mikononi mwa watu: kidogo kwenye simu ya keshie (mtunza pesa), kidogo kwenye sanduku nyumbani, kidogo kwa mtu anayeaminika kule ng'ambo. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, hakukuwa na njia nyingine. Lakini zamani mtu aliyekuwa na shaka aliweza kuomba karatasi ya benki. Leo akitaka kuondoa shaka, inambidi amwombe mtu amwonyeshe simu yake. Nani atathubutu? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata isipoisha, watu watasema imeisha.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mwaliko mwingine, nenda kwa keshie. Nenda kwa heshima, ukifuatana na watu wawili wasiogombea cheo chochote, mmoja wa kisiwani na mmoja wa bara. Hesabuni pamoja yaliyomo sandukuni, angalieni salio la simu, andikeni kila kilichoingia na kilichotoka tangu benki zifunge, mstari kwa mstari, na nyote mtie sahihi. Mkikuta pengo, liandikwe kama lilivyo, na keshie apewe nafasi ya kueleza kwa maandishi yake. Karatasi hiyo ipigwe nakala 11, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, ibandikwe kwenye hangari, yaani ghala, ya kila chama. Na katika mwaliko mpya, jambo la kwanza la ajenda liwe kusomwa kwa hesabu. Waache waulize mpaka wachoke. Saa mbili za maswali ya pesa zitakuokolea mikutano miwili ya vifungu.

PV isikuumize kichwa. Mpelekee katibu wa zamani, asome. Akiona ni sawa, atie sahihi. Akikataa, aandike anakataa kwa nini. Kisha isomwe mbele ya asamble, irekebishwe panapotakiwa, ipigiwe kura, na maelezo yake yaandikwe katika PV mpya. Hapo imekwisha.

Vyama vinne vyenye deni ni jambo jingine kabisa. Hapa mtu anapoteza kitu kikubwa, na ningekuomba usilipite haraka. Kwanza tazama karatasi ya usajili wenu, kwa sababu sheria mbili tofauti zinaweza kuwahusu. Kama mlisajiliwa kama ASBL, yaani chama kisichotafuta faida, mko chini ya sheria ya 20 Julai 2001, na katiba yenu ndiyo ya kusoma kwanza. Kama mlisajiliwa kama muungano wa ushirika, mko chini ya sheria ya ushirika ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara), iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo inatufunga tangu Kongo ilipoingia OHADA Septemba 2012. Nimekuta vyama vinavyonukuu sheria isiyo yao kwa mwaka mzima.

Halafu fungua PV za nyuma, mwaka hadi mwaka. Vyama vyenye deni vilipiga kura mwaka juzi? Mwaka uliotangulia? Kama vilipiga na hakuna aliyesema kitu, basi kanuni hii imeamshwa kwa sababu kuna kura ya prezida, na watu wa vyama vile vinne wanalijua hilo vizuri sana. Kanuni inayolala miaka yote na kuamka siku ya uchaguzi, hata ikiwa imeandikwa vizuri, inauma kama dhuluma. Kama kinyume chake ndicho kweli, yaani kila mwaka wenye deni walikaa bila kura, basi waliolipa wana haki ya kudai.

Niwaulize pia nyinyi mliolipa: vyama hivyo vinne vilishindwa kulipa kwa nini? Kama ni vya kisiwani, au vya njia ambayo magari yalikatika, kuvinyima kura ni kuviadhibu kwa sababu ya vita. Ningefanya hivi. Katika mwaliko wenyewe, andika kwamba chama chenye deni kinaweza kulipa hadi asubuhi ya mkutano, kwa pesa ya simu au taslimu, na kisichoweza kitie sahihi kwamba deni litakatwa kwenye mzigo wake wa kwanza wa msimu. Kama katiba haikatazi, hilo linatosha. Kama inakataza, asamble iamue jambo hilo mapema kabisa, kabla ya kura ya prezida, na waliolipa wajue kwamba wakiwafungia wenzao mlango leo, kesho kahawa ya wenzao itauzwa kwa komisionere, yule mchuuzi wa kati, barabarani.

Prezida naye ni jambo la kweli. Sahihi ya mtu ambaye muhula wake umekwisha haina uzito kwa mnunuzi wala kwa anayetaka kuwakopesha pesa ya kununulia serizi. Lakini jiulize kama amekataa kutoka, au hakuna aliyemtengenezea mlango wa kutokea. Mikutano mitatu imevunjika. Angekabidhi kwa nani? Mwendee wewe na wazee wawili, jioni, bila simu ya mtu kurekodi. Mwombe afanye mambo matatu: afungue mkutano, asome ripoti yake mpaka mwisho bila kukatizwa, kisha ainuke kitini na kumwachia mtu mwingine aongoze kura. Kama katiba inamruhusu kugombea tena, agombee akiwa amekaa na wenzake. Watu wengi wanaong'ang'ania kiti wanaogopa jambo moja, kuondoka wakizomewa. Ukimwondolea hofu hiyo, huenda akakushangaza.

Naupenda utaratibu, na sitaki ufikiri kinyume. Mwaka 1863 mhandisi mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano kanisani huko New Bedford. Hakujua kanuni yoyote ya kuongoza, na mkutano ukamshinda, ukageuka vurugu. Aliona aibu, akaanza kusoma jinsi mikutano inavyoendeshwa, na mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni ambacho vyama vingi vya huko vinakitumia hadi leo. Alichokitafuta ni kwamba mkutano ufike mwisho ukiwa umeamua jambo. Katiba yenu nayo iliandikwa kwa ajili hiyo, na wale walioiandika walikuwa na sababu.

Unakumbuka sababu hiyo? Kabla ya vyama hivi, kahawa yetu ilivuka ziwa usiku, kwenye pirogi, kwenda kuuzwa Rwanda kwa bei ya mnunuzi, wakati mwingine ikibadilishwa na sabuni na chumvi. Pirogi zilipinduka. Idjwi kuna wajane ambao waume zao walikwenda na gunia la kahawa na hawakurudi. Ushirika ulikuja ili mtu auze kahawa yake mchana, kwenye mizani, na risiti mkononi. Siku mtakapokutana, mpe nafasi mmoja wa akina mama hao aseme maneno machache mwanzoni. Sikuombi hili kwa ajili ya machozi. Ukumbi unabadilika watu wakikumbushwa walikuja kufanya nini.

Sasa kahawa yenyewe, maana umeiweka mwisho wa barua kama vile inangoja magomvi yaishe. Haingoji, na sehemu kubwa ya kazi yake haihitaji asamble.

Vipimo vya mashamba, kwa mfano. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na mwagizaji lazima aonyeshe kila shamba liko wapi. Tarehe ya kuanza imeahirishwa mara mbili; sasa ni 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa madogo. Hesabu miezi: kahawa mtakayochuma Machi hadi Juni inamenywa, inakaushwa, inakobolewa, inasafiri, na inaweza kufika bandarini karibu kabisa na tarehe hiyo. Ndiyo maana mnunuzi anakusumbua. Lakini shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja tu ya GPS, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, na wakulima wetu karibu wote wako chini ya hapo. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kuzunguka kilima kizima kwa siku chache. Nani amekataza komite kuwatuma vijana wawili kutoka kila chama wiki ijayo? Hakuna kifungu kinachotaka kura kwa ajili ya kutembea shambani.

Meza za kuchambulia vilevile. Wanachama wakiona meza imevunjika wanaona mbao. Wewe uone ladha ya kiazi. Mdudu antestia akitoboa serizi, punje inaharibika kwa ndani, na punje moja tu inatosha kukifanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi. Ladha hiyo inajulikana duniani kama ugonjwa wa kahawa ya kwetu na ya majirani zetu wa Rwanda na Burundi, na wanunuzi wanatukata bei kwa kuiogopa. Kinga yetu kubwa ni kuelesha serizi majini na kutoa zinazoelea, halafu macho na vidole vya akina mama juu ya meza. Bila meza hakuna uchambuzi. Seremala wa Kadutu haulizi kama PV ilitiwa sahihi, muulizeni bei.

Tena mwaka huu si wa kuchelewa. Februari 2025 bei ya Arabika huko New York ilipita dola 4 kwa ratili, juu kuliko hata rekodi ya 1977. Bei ikipanda namna hiyo, komisionere anakuja na pesa taslimu hadi mlangoni mwa mkulima, na mkulima mwenye ada ya shule shingoni hatangoja ushirika umalize kusoma katiba. Chama ambacho hakina pesa ya kununulia serizi wiki ya kwanza ya Machi kinaweza kumaliza msimu kikiwa na prezida halali kabisa na hangari tupu.

Basi wiki hii fanya hivi. Leo au kesho, nenda kwa keshie. Komite ikae siku moja, iandike kwamba hadi asamble ijayo itaamua mambo ya msimu tu, yaani vijana wa GPS, meza, na ununuzi wa serizi, na kila malipo yawe na sahihi mbili. Mambo ya mali na uchaguzi yangoje asamble. Vijana watoke. Halafu andika barua ya mwaliko, hesabu kwanza, PV, wenye deni, prezida, bajeti ya msimu, na uhesabu siku 15 kuanzia siku itakapomfikia mtu wa mwisho, hata ukifika siku 20. Nakala za Idjwi usizitume kwa WhatsApp. Mpe mtu wa boti unayemwamini, na kila anayepokea aandike tarehe na kutia sahihi nyuma ya nakala ya pili, irudi kwako. Zile nakala zikirudi, ziweke kwenye bahasha na uende nazo ukumbini, ili atakayeinuka kuuliza juu ya mwaliko umpe bahasha aisome mwenyewe.